Kurasa za Shukrani

Kila Jumatatu asubuhi, kabla sijanywa chai, nasoma orodha ya aibu zangu. Ndivyo ninavyoiita. Ni orodha ya maneno ambayo wasomaji wameyaandika kwenye ukurasa wa kutafutia wa maktaba yetu, na ukurasa ukawajibu "hakuna matokeo". Ukurasa huo niliusimika mimi kwa programu huria, zile ambazo hakuna anayekuuzia, na yeyote anaweza kuzifungua akabadili anachotaka. Mkuu wa maktaba alifurahi sana aliposikia neno bure. Tangu hapo, chochote kikiharibika ni changu.

Orodha haisemi nani ameandika nini. Inaonyesha maneno, saa, na kompyuta iliyotumika, basi. Watu huandika mambo: "kile kitabu cha kijani", "nyuki wakali", "profesa aliyefukuzwa". Hayo nimeyazoea. Lakini Jumatatu moja, nilipozijumlisha orodha za nyuma, niliona maneno mawili yamerudiwa mara thelathini na nane katika wiki nane, daima saa nne na dakika chache, daima kompyuta namba tatu. Bi Herufi. Hakuna matokeo.

Kompyuta namba tatu iko dirishani, na saa nne asubuhi anayeikalia ni mtu mmoja tu, baba mkwe wangu.

Baba aliongoza kitengo cha kuorodhesha vitabu hapa kwa miaka ishirini na tisa, na wafanyakazi walimwita Mzee Kanuni. Ukiweka nukta penye mkato alikurudishia kadi yako bila neno. Kadi za mwaliko wa harusi yetu alizirudisha kwa mchapaji mara tatu, mpaka mchapaji akatishia kutokuja kula. Alipostaafu ulistaafu mwili tu. Kila asubuhi alivaa shati lililopigwa pasi akaja kusoma gazeti palepale alipozoea kufoka. Na Bi Herufi alikuwa mke wake, mama mkwe wangu, aliyetutoka miezi saba iliyopita.

Mama alikuwa mpiga chapa. Enzi za taipureta wanafunzi walimpelekea tasnifu zao kwa mwandiko wa kuku, naye akawatolea kurasa safi zisizo na doa. Ndio waliompa jina hilo. Yeye mwenyewe hakuandika kitabu. Hakuacha hata barua, kwa sababu hakuwahi kukaa mbali na mumewe wiki nzima.

Nikachukua vikombe viwili vya chai nikamfuata dirishani.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Chai hairuhusiwi humu."

"Najua. Unatafuta nini ambacho ukurasa wangu unakunyima?"

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, ingawa ilikuwa safi. "Umeona."

"Naona maneno, sioni watu. Ila namba tatu kitufe kimoja kimekwama, hakuna mwingine anayeivumilia."

"Najua hayumo," akasema. "Tasnifu zote hizo niliziorodhesha mwenyewe. Mwandishi, kichwa, mwaka, idara. Mpiga chapa haingii kwenye katalogi, ndiyo kanuni." Akairudisha miwani usoni. "Lakini nimeanza kusahau alivyokuwa akicheka. Nikasema labda nilione jina lake tu mahali, limeandikwa na mtu mwingine, si mimi."

Mimi si mtu wa kulia kazini, hivyo nikageuka fundi haraka. Nikamweleza kwamba ukurasa wangu unatafuta kwenye katalogi peke yake, lakini programu ina uwezo wa kusoma hata ndani ya kurasa za tasnifu zilizopigwa picha, neno kwa neno. Sikuwa nimeuwasha kwa sababu kompyuta kuu yetu ni kongwe, inapumua kwa shida. Tena hakuna mwanafunzi anayemaliza tasnifu bila kumshukuru mpiga chapa wake.

"Nipe mpaka Alhamisi," nikasema.

Nilikwama siku hiyohiyo. Nikaandika kwenye jukwaa la mtandaoni la watumiaji wa programu hiyo, na mwanamke nisiyemjua, ambaye hata sijui kwake kulikuwa saa ngapi, akanitumia mistari kumi ya maelekezo na kuniambia niisome polepole. Ikafanya kazi. Kwa siku mbili mashine ilisoma tasnifu mia sita na arobaini. Alhamisi asubuhi niliandika "Bi Herufi", nikabonyeza.

Hakuna matokeo.

Niliyoyasema hapo hayafai kuandikwa. Nikafungua tasnifu ya kwanza iliyonijia. Ilianzia Sura ya Kwanza. Nyingine, Sura ya Kwanza. Nikafungua ishirini, na zote kurasa za mwanzo hazikuwemo. Kuna mtu alikuwa amezikata, na nilipanda ghorofani nikiwa nimefura, nikitaka kumjua mpumbavu huyo niseme naye.

Nilimkuta kwenye faili la mradi wa kupiga picha tasnifu, karatasi moja ya miaka kumi na moja iliyopita. "Ili kuokoa nafasi, kurasa za awali zisipigwe picha. Kazi ianzie Sura ya Kwanza. Shukrani si elimu." Chini yake palikuwa na sahihi ninayoijua vizuri, maana iko hata kwenye cheti changu cha mafunzo.

Nikampigia mume wangu.

"Usimwambie," akasema. "Sema mashine imeshindwa. Mzee wa watu atajilaumu mpaka kaburini."

"Na nakala za karatasi? Jumatatu lori linazichukua kwenda kusagwa. Stoo inatakiwa tupu, kwa kuwa eti kila kitu kiko kwenye kompyuta."

"Basi zipige picha wewe, kimyakimya."

Ningeweza kujaribu. Lakini Baba alinifundisha kazi hii, na hakuwahi hata siku moja kunificha kosa langu. Kumtendea kama mtoto ilikuwa kumdharau. Nikapiga moyo konde, nikashuka na ile karatasi.

Aliisoma mara mbili. "Sentensi ya mwisho haikuhitajika," akasema, kwa sauti yake ile ya ofisini. Kisha akaiweka karatasi mezani, akainyoosha kwa kiganja.

"Zile kurasa alizipiga chapa yeye," akasema. "Unaelewa, mwanangu? Watu walimshukuru, na yeye ndiye aliyeyapiga chapa maneno yao, akayasoma, akayapanga vizuri, akanyamaza. Tulipoanza huo mradi aliniuliza kama kurasa zote zitaingia kwenye kompyuta. Nikamwambia zitaingia zile muhimu." Alitazama dirishani. "Akasema, haya."

Nililia pale pale, kazini, mbele ya wasomaji.

"Maji yakimwagika hayazoleki," akasema.

"Haya hayajamwagika, Baba. Yako stoo mpaka Jumatatu."

Tulianza mchana huo. Stoo iko chini ya ngazi, ina balbu moja, na rafu za chini zinataka upige magoti. Nilimkataza kuinama kwa sababu ya mgongo. Akanijibu kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame, akainama. Yeye alitoa tasnifu, akaifungua penye shukrani, akanipa. Mimi nilipiga picha, nikamrudishia. Siku ya kwanza hakusoma hata moja. Alizishika kwa pembeni, uso ameugeuza.

Ijumaa mchana akasoma, bila kujua amepaza sauti. "Namshukuru Bi Herufi, aliyesahihisha hesabu zangu za sura ya nne bila kuniambia."

Akashusha tasnifu magotini. "Alijua hesabu?"

"Mimi unaniuliza?"

"Miaka arobaini na mbili," akasema. "Bajeti ya nyumba nilikuwa nikiipanga mimi, naye ananitazama."

"Labda alikuwa akiisahihisha bila kukuambia."

Hapo akacheka. Tangu msiba sikuwa nimemsikia akicheka, na kicheko kilitoka na vumbi, akakohoa mpaka nikampigapiga mgongoni. Baada ya hapo alisoma zote. Mmoja alimwomba Bi Herufi radhi kwa mwandiko. Mwingine alimshukuru kwa kumpa kiti na kumwacha alie mpaka amalize. Mwingine aliandika tu kwamba bila yeye angerudi nyumbani mikono mitupu. Baba alisoma hizo zote kwa sauti ileile ya kukagua, na kila alipofika mwisho alirudia jina.

Jumamosi jioni tulimaliza, na Jumapili mashine ikazisoma kurasa hizo. Jumatatu lori lilikuja likabeba karatasi zake, na saa nne Baba alikuwa kwenye namba tatu. Nilisimama nyuma yake. Akaandika maneno yake mawili, akabonyeza.

Matokeo 214.

Nilidhani atafungua la kwanza.

"Nifungulie upande wa kuorodhesha," akasema.

Nikamfungulia. Akachukua tasnifu ya kwanza, akashuka mpaka kwenye nafasi ya mchangiaji, ambayo kwa miaka yote aliiacha wazi, akaandika: mpiga chapa. Kisha akaanza kuandika jina, si Bi Herufi, bali jina lake kamili, ambalo humu maktabani hakuna aliyewahi kuliita. Aliliandika kwa kidole kimoja, akitafuta kila kitufe. Maisha yake yote aliyekuwa akimpigia chapa ni mkewe.

"Na kanuni?" nikauliza.

"Niliiandika mimi. Naifuta mimi."

Akahifadhi. Pembeni mwa ukurasa, kwenye orodha ya majina ambamo maprofesa wamejipanga na idadi ya kazi zao, jina la Mama likatokea na namba moja mbele yake.

"Baba, zilizobaki naweza kuzijaza zote kwa amri moja. Dakika haifiki."

"Najua, mwanangu," akasema, huku akifungua ya pili. "Lakini yeye alizipiga moja moja."