Rubani wa Shimoni

Maneno yalianzia kwenye mashine ya kusaga pale Nkende, na Boke akashindwa kuyatoa kichwani: eti mwanawe Mniko ni rubani wa vita huko ng'ambo.

"Mama Mniko, umetuficha!" Veneranda jirani yake alimwambia, unga umemjaa kwenye nyusi. "Mtoto anamwaga mabomu toka angani, wewe unapanga foleni na sisi!"

Boke alicheka, akajitwisha unga wake akaondoka. Mniko aliondoka kwenda kurusha droni za kunyunyizia dawa mashambani. Ndivyo alivyosema wakala aliyempeleka. Kazi yenyewe Mniko aliijua; kule Nyangoto alikuwa akirusha kidege hicho kwenye harusi na kupiga picha viwanja vya watu.

Mumewe, Wangwe, hakuuliza mara mbili. Ukoo wao umetoa wanajeshi tangu enzi za babu, ila rubani hawajawahi kupata. Akachinja mbuzi. Wazee wakala, wakampa jina jipya: Baba Rubani.

Jumapili moja, wakitoka kanisani, Mniko akapiga simu. Alikuwa ananong'ona.

"Mama, hakuna shamba huku. Tunakaa shimoni, tumevaa miwani ya kuongozea, tunarusha droni zenye mabomu. Wa upande wa pili wanatafuta anayerusha kajificha wapi. Wakishajua, wanaleta droni yao. Joel, mwenzangu wa Ringwani, amekufa hivyo. Pasipoti walitunyang'anya tulipofika tu. Wiki ijayo tunasogezwa mbele. Baba aende serikalini leo, aseme nimedanganywa."

Wangwe akanyakua simu. "Mura, kijana wangu, umetahiriwa au hukutahiriwa?"

"Nimetahiriwa, baba."

"Basi Mkurya hakimbii. Fanya kazi." Akakata.

"Baba Mniko, mtoto ameomba msaada!"

"Niende nikaseme nini? Kwamba rubani wangu analia? Na watu wameshakula mbuzi?"

"Watu watasahau mbuzi."

"Huwajui watu wa hapa wewe."

Kila asubuhi Boke alimsihi, na kila asubuhi mtu alipita njiani akaita, "Shikamoo, Baba Rubani!" Wangwe akanyoosha mgongo. Boke akaona mume naye kanaswa, na lile jina. Mwishowe akajifunga kitenge cha kanisani, akaenda serikalini mwenyewe.

Afisa alimsikiliza vizuri tu. Akauliza jina la wakala. Boke hakulijua. Kampuni? Mji? Hakujua. Alichokuwa nacho ni namba ya simu ya Mniko, na ilipopigwa pale mezani haikupatikana.

Taarifa ilikuja kwa ujumbe wa sauti, kutoka kwa kijana mwenzake Mniko. Mniko alikuwa anarusha tangu alfajiri. Wa upande wa pili wakamwona alipo. Shimo likapigwa, na hakuna aliyethubutu kwenda kumtoa.

Wangwe aliwaomba watu wasimwite tena lile jina. Wengine bado wanajisahau.

Boke hana cha kuzika. Siku hizi akisikia mama yeyote anasema mwanawe kapata kazi nje, humfuata hadi mlangoni kwake, na haya ndiyo humwambia:

Asiondoke kabla hujajua jina la wakala, la kampuni na la mji.

Asiweke sahihi kwenye karatasi ya lugha asiyoisoma.

Asimwachie mtu pasipoti, hata bosi.

Msichinje wala kumsifu kwa kazi ambayo hamjaiona.

Akisema anaogopa, msimuulize kama ni mwanaume.

Usingoje baba yake akubali. Nenda siku hiyohiyo.