Ncha Mbili za Picha

Wen Xiuzhu aliisimamisha kamera yake katikati kabisa ya ua wa ile nyumba ya mviringo, akaikaza miguu mitatu, akajipangusa mikono. Watu mia mbili na kumi na wanane wa ukoo wa Liao walikuwa wanamtazama, wengine bado wanatafuna keki za mchele za mwaka mpya. Kesho mabasi yangewarudisha makazini, kwenye miji ya Xiamen na Guangzhou. Naye alikuwa na filamu moja tu, upana wa shibiri, urefu wa mita mbili, ya mwisho dukani kwake. Aliogopa? Thubutu! Miaka thelathini na moja kazini, hajawahi kurudia picha.

Waliomsumbua kichwa ni wazee wawili.

Liao Huan, mwenye miaka sabini na tisa, na mdogo wake Ting walikuwa hawajasemezana kwa miaka ishirini na sita, tangu Huan alipomzika mama yao bila kumsubiri Ting arudi safarini. Wanaishi nyumba moja, wanateka maji kisima kimoja, na wakipishana kila mmoja anatazama ukuta. Dada yao mkubwa, Bi Mei, ndiye aliyemwita Xiuzhu. Alimjia dukani kwa kiti cha magurudumu, figo zimechoka, na alisema waziwazi: "Nataka niwaone wadogo zangu kwenye karatasi moja kabla sijafa. Nyingine sina haja nayo."

Ting alikuwa ameshakataa. "Nikae karibu na yule? Bora nipigwe picha na nguruwe!"

"Nani kakwambia ukae karibu naye?" Xiuzhu akamjibu. "Yeye namweka mwanzo kabisa wa picha, wewe mwisho kabisa. Katikati yenu watu mia mbili. Utatafuta darubini umwone."

Akamfuata Huan na maneno yaleyale. Huan akaguna, akavaa kofia.

Basi Xiuzhu akachukua kamba akaanza kuwapanga, wazee vitini, vijana nyuma yao, watoto chini, wote umbali mmoja kutoka kwenye kamera. Duara likajaa. Vikabaki viti viwili tu, ubavu kwa ubavu.

Ting akaviona. "Wewe mama, mwongo mkubwa wewe!"

"Mwongo nani? Kamera inaanza kwa kaka yako, inazunguka ua mzima, inamalizia kwako. Nikiisafisha picha nikaikunjua, yeye huku, wewe kule, kama nilivyosema. Nyumba ya duara wamejenga babu zenu, sikujenga mimi. Kaa, jua linaondoka!"

Ukoo mzima ukaangua kicheko. Ting akamtupia jicho dada yake, akakaa, uso kaupeleka pembeni.

"Ni dakika moja kasoro," Xiuzhu akatangaza. "Mzee Huan, ikishakupita uko huru, nenda zako. Wengine, asitikisike mtu mpaka nimalize!"

Akaachia mtambo. Kamera ikaanza kugeuka yenyewe taratibu, ikikoroma. Ikampita Huan, kanuna kama aliyeng'ata ndimu. Xiuzhu alikuwa anazunguka nyuma ya kamera ili asiingie pichani, na ilipofika nusu ya ua, wale wazee wawili wakawa mgongoni kwake. Alidhani Huan ameshaondoka. Kumbe bado.

"Siku tatu nilikusubiri," ilisema sauti ya Huan. "Lilikuwa joto la mwezi wa saba, Ting. Mama alianza kuharibika. Sikutaka watu wamwone vile. Nikafunga sanduku, nikaona aibu kukwambia."

Ting hakuweza kuinuka wala kujibu. Zamu yake ilikuwa bado, na angeharibu picha ya dada yake.

Kamera ilipomfikia, machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni, na mkono wa kaka yake ulikuwa umemkumbatia shingoni. Hapo ndipo Xiuzhu alipotakiwa kuzima mtambo. Hakuzima. Aliuacha uendelee hadi ukampita Huan tena.

Wiki iliyofuata aliikunjua picha juu ya kitanda cha Bi Mei. Mwanzoni Huan amenuna, bila Ting ubavuni. Mwishoni yupo tena, yeye na Ting wameegemeana, wote wawili wanalia. Xiuzhu akatoa mkasi.

"Mtu hatakiwi kutokea mara mbili," alisema. "Kawaida tunakata hii ncha ya mwisho."

Bi Mei akaiwekea kiganja ile ncha, akakandamiza kwa nguvu zote alizobaki nazo.

"Kata ya mwanzo," alisema.