Neno Moja kwa Mabel

Mke wangu Thelma alitaka jiwe la kaburi la mama yake lichongwe neno moja tu chini ya jina: Mabel Thirkettle, "nice". Dada yake Rosalind, mwandishi wa kamusi kule mjini, alipanda treni kuja kulizuia. Mchonga mawe alikuwa anataka jibu siku hiyohiyo, na kasisi wetu alishasema hapitishi jiwe mpaka mabinti wote wawili wakubaliane.

Nikatenga chai. Katika familia hii kazi yangu ni hiyo, wala sina kinyongo.

"Hilo ni neno la kusifia biskuti," Rosalind alianza. "Na unajua lilikotoka? Kilatini: asiyejua. Wafaransa wakalifanya mjinga, likatufikia sisi Waingereza hivyohivyo. Baadaye likawa mtu wa kuchaguachagua, halafu mtu makini. Hii ya mtu mwema ni ya juzijuzi."

"Juzijuzi lini?"

"Miaka mia mbili na ushee."

"Basi limeshazoea," Thelma akamjibu.

Rosalind aliguna. Kwenye kamusi yao maana kongwe hutangulia, na iliyokufa hutiwa alama mfano wa msalaba. Kwa mtu aliyezeeka na kazi hiyo, neno halisamehewi utoto wake.

"Sasa umwandike mama mjinga, watu wakitoka kanisani wasome?"

Thelma akaweka kikombe chini. "Mwaka wa mwisho mama hakunijua, dada. Kila asubuhi nikimvalisha soksi ananiuliza mimi ni wa nani. Namwambia, wako. Anasema, 'Nice.' Maneno mengine yote yalishamtoka. Hilo ndilo lililobaki."

Rosalind alizoea kuja Krismasi tu, na kuondoka kabla sahani hazijaoshwa. Nilimwonea huruma, ingawa si sana.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa napiga, hupokei."

Akazungusha kijiko ndani ya chai isiyo na sukari. "Na mimi je? Aliwahi kuniulizia?"

Thelma alimsogezea sahani ya biskuti.

Hakuchukua. Alinyanyuka akampigia simu mchonga mawe, akamtajia neno lile. Nadhani fundi alimuuliza kama hana la kuongeza.

"Sina," Rosalind alisema. "Mimi sikuwepo."