Mgeni Hafukuzwi

Siku ya mtakatifu wa ukoo, kwa Waserbia mwenye nyumba haketi. Vukashin alikuwa amesimama tangu asubuhi, chupa ya rakija, pombe kali ya matunda, mkononi, akimmiminia Tepavac, kamanda wake wa zamani, ambaye sasa ndiye mkuu wa wilaya. Tepavac ndiye aliyempa kazi ya kulinda tangi la maji la mji. Pasingekuwa na kazi hiyo, hata nguruwe wa kuchoma asingekuwepo mezani.

Mlango ukafunguliwa, akaingia bibi Mwislamu, kitambaa chake cha kichwa kimelowa mvua. Alikuwa mama Rasema, jirani wa kabla ya vita. Siku hii mgeni haalikwi wala hafukuzwi, na zamani hakukosa mwaka, yeye na mwanawe Ferid.

"Heri ya sikukuu, Vukashin."

"Asante, mama. Karibu ukae."

Wakati wa vita Ferid alipakiwa kwenye lori la kikosi cha Waserbia wa kujitolea, na dereva alikuwa Vukashin. Kule machimboni aliacha injini ikinguruma ili asisikie risasi. Alizisikia.

"Sijaja kula, mwanangu. Nimezeeka. Nionyeshe tu mlikomweka."

Tepavac akajifuta masharubu.

"Aa, mama! Vijana wenu si walikwenda Ujerumani? Wakishaonja pesa, wanasahau kuandika barua." Meza nzima ikacheka. "Vukashin, mpe mama ngano."

Ngano ile ya sukari huliwa kuwakumbuka marehemu. Vukashin alimshikia bakuli. Aliona aibu kuliko hata siku ile yenyewe, maana siku ile alikuwa amelewa.

"Nionyeshwe kaburi kwanza," akasema mama Rasema, "ndipo nile."

"Mwenyeji, glasi yangu kavu!" Tepavac hakugeuza hata shingo. "Au lile tangi limekuchosha? Wapo wanaolililia."

Vukashin akammiminia.

Kisha akamsindikiza mama hadi langoni. Huko hapakuwa na wa kuwasikia. Neno lenyewe lilikuwa moja tu, machimboni, na lilikwisha kumfika ulimini. Mama alisimama mvuani akimtazama mdomo, kama mtu anayengoja mtoto atamke neno lake la kwanza.

"Karibu tena mwakani, mama," akasema Vukashin.

"Nitakuja." Bibi akamshika mkono. "Nakuombea uhai kila siku, mwanangu. Ukifa wewe, nani ataniambia?"