Chumba cha Kuangalia Ukuta

Mama aliniomba nimpeleke Diani, pwani, nikapata chumba cha bei nafuu, dirisha likiangalia ukuta. Nilikichagua makusudi. Ndugu yangu Njau alizama huko mwaka jana na mwili haukupatikana. Sikutaka mama aamke akiyaona yale maji.

Tuliketi nje ya nyumba yetu mtaani Landless, nikampa mama simu aone picha.

“Ciku, hiki hapana.”

“Mami, cha kuona bahari ni bei mara tatu! Na unataka kuona nini huko?”

“Basi tulale siku moja badala ya tatu.” Akanirudishia simu. “Baba yako kila Jumapili nang’oa majani kwa kaburi lake. Njau nitamtembelea wapi? Kwa huo ukuta?”