Daktari Aliyekataa Kung'oa

Nilishang'olewa magego mawili bila kumwambia daktari neno. Unaingia, unakaa, unaonyesha kwa kidole, linatoka, unarudi kazini. Mimi ni fundi wa boti za mbao hapa Kibirizi, niliacha shule darasa la tano, na siku zote nimesema fundi wa kweli haelekezwi. Anaona mwenyewe. Ukimwelekeza umemdharau.

Gego la tatu lilianza kucheza mwaka jana. Halikuuma, na hilo ndilo lililonitisha. Lilikuwa zima, halina tundu, lakini linayumba. Mke wangu Leonida aliniona natafuna ugali upande mmoja.

"Yakiisha yote utakula nini, baba Wema?"

"Uji."

"Wa kukupikia uji kila siku ni nani? Nenda hospitali."

Nilioga, nikavaa shati la kanisani, nikaenda. Nilimkuta daktari mpya wa meno, mwanamke kijana, Asnath, mtu wa Upareni. Akaniamkia, nikaitikia. Nikafungua mdomo, nikaonyesha kwa kidole.

Hakugusa koleo. Alitazama kwa kioo chake kidogo muda mrefu, kisha akasema, "Baba, misumari unaibana kwa meno upande wa kushoto?"

Nikafunga mdomo. "Nani amekwambia kazi yangu?"

"Jino lako la mbele limelika, lina kipengo. Mafundi cherehani wa kwetu Mwanga nao wana chao, chembamba, cha uzi. Chako kipana. Nikajua huyu anagonga misumari."

Nilishtuka kama mtu aliyesomewa barua yake na mgeni. Miaka thelathini nimetembea na mdomo huu, sikujua umeandikwa kitu.

"Basi ng'oa," nikasema.

"Sing'oi. Kwanza tuongee."

"Si umeshaona?"

"Nimeona kwamba linalegea. Linalegea kwa nini, sijaona." Akavuta kiti akaketi karibu. "Mtu akikuletea boti inavuja, unamuuliza nini?"

"Inavuja ikiwa na mzigo, au hata ikiwa tupu. Iligonga jiwe au haikugonga. Ilianza lini."

"Asipokujibu?"

"Nitabandua mbao nzima kutafuta tundu la sindano. Nitamtukana pia."

Nilipomaliza kusema nikaona aibu. Yeye hakucheka.

Nikamwambia, basi. Kwamba ufizi unatoka damu nikipiga mswaki, kwa hiyo upande ule niliacha kuupiga. Akasema hapo ndipo palipohitaji mswaki zaidi, ila taratibu. Kisha akauliza, "Na kiu?"

"Kiu ya jua."

"Haja ndogo je?"

Nikatazama mlango. "Daktari, mimi nimeleta jino."

"Jino halikuja peke yake, baba."

Nikamweleza yote, hata yale ambayo Leonida hayajui. Jagi la maji ninalomaliza kabla ya saa nne asubuhi. Kuamka usiku mara nne kwenda chooni. Nyayo zinazochomachoma. Akanitoboa kidole, akatia damu kwenye kijimashine, akanionyesha namba.

"Hii ni sukari, na imepanda sana. Ikiwa juu hivi, ufizi unashindwa kupambana na uchafu, na mfupa ulioshika jino unaliwa polepole. Hauumi. Unaliwa tu."

Mimi nilikuwa na kiu, nyayo na jino. Vitu vitatu. Yeye, kwa kuanzia mdomoni, aliona kitu kimoja.

"Walioning'oa yale mawili hawakuliona hili?"

"Uliwaambia nini?"

"Niliwaonyesha kidole."

Akavua glavu, akainuka.

Siku hiyo alinipeleka mwenyewe kwa daktari wa sukari. Nikaanza vidonge. Kwa siku mbili tofauti alinikwangua ugaga, ule uchafu uliogeuka jiwe chini ya ufizi, na akanifundisha mswaki kama mtoto.

Nilirudi baada ya miezi mitatu. Akachukua kijiti cha chuma chenye alama, akawa anakiingiza kati ya jino na ufizi huku akimtajia nesi: tatu, tatu, nne. Mara ya kwanza pia alitaja namba, nami nilinyamaza. Safari hii niliinua mkono. Akatoa kijiti.

"Nne ni nini?"

"Ni kina cha uwazi, kwa milimita. Tulipoanza, gego hili lilikuwa na saba."

"Sasa uwazi umeziba?"

"Umepungua. Mwili wako ndio umeupunguza. Mimi nilisafisha tu."

"Litabaki?"

"Bado linacheza kidogo. Ukiishika sukari, nategemea libaki. Siahidi."

Nikamwomba kioo. Ule ufizi uliokuwa mwekundu na kuvimba ulikuwa umetulia, umelikumbatia gego. Nikalisukuma kwa ulimi. Likakataa, kidogo likakubali, likarudi mahali pake.

"Mzee, kuna watu kwenye benchi," nesi akasema.

"Mwache," daktari akamwambia. "Anaangalia."