Firigisi za Aliyechelewa

Jumamosi asubuhi fundi seremala alijigonga kidole gumba kwa nyundo, akakimbilia jikoni kutafuta barafu. Mkewe alikuwa uani akianika nguo, kwa hiyo alilifungua friza mwenyewe. Lilikuwa milki ya mke. Mama huyo hakuvumilia kuona chakula kikimwagwa. Maharage yaliyobaki, nyanya zilizoanza kulainika, wali wa jana, vyote viliingia humo ndani ya makopo ya aiskrimu. Wajukuu walishadanganywa na makopo hayo mpaka wakakata tamaa.

Chini kabisa yalikuwapo makopo madogo, yamepangwa vizuri. Alifungua moja akakuta wali, mchuzi, na juu yake, chini ya utando wa barafu, firigisi. La pili, firigisi. La tatu, vilevile. Maumivu ya kidole yakasahaulika. Kwa muda mrefu alikuwa akijiuliza kwa nini kuku wa nyumba hii siku hizi hawana firigisi.

"Mama watoto! Hivi vya nani?"

Mkewe alisimama mlangoni, kibanio cha nguo mdomoni. Akakitoa. "Vya aliyechelewa."

Katika nyumba yao aliyechelewa hakulala njaa. Sahani yake ilifunikwa kwa sahani nyingine ikamsubiri. Lakini siku kitinda mimba wao aliposema hataki randa wala msumeno, anataka kuwa kinyozi, baba alimcheka mbele ya wateja. "Mimi nitengeneze milango, wewe ukatengeneze vichwa vya watu?" Kijana akaondoka, na baba akatoa amri: "Asiwekewe chakula." Tangu hapo hata sala ya mezani ilifupika. Zamani alimwomba Mungu awabariki waliopo na wasiokuwepo. Sasa aliishia kwa waliopo, akasema amina haraka.

"Nilisema asiwekewe."

"Ulisema mezani, mume wangu. Friza hukulitaja."

Alitaka kukasirika, kicheko kikamtoka. Alifuta barafu kwenye mfuniko kwa kiganja, taratibu.

"Mwite kesho, tukitoka kwenye ibada."

"Nimwambie nini?"

Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza. "Mwambie friza limejaa makopo yake. Nataka nafasi."

"Hilo tu?"

"Kwani kuna lingine?"

Mkewe alimtazama, akapiga simu, akaufikisha ujumbe kama ulivyo.

Kesho yake, kabla ya kwenda kuabudu, baba aliyatoa makopo yote.

"Yote?" mke alishangaa. "Unajua chakula kikishayeyuka hakirudi humo. Kitaharibika."

"Nani kasema kitarudi? Yule ni mlaji, tena ana rafiki zake."

Waliporudi, baba mwenyewe alivuta kiti cha kijana, akakipangusa, ingawa hakikuwa na vumbi. Chakula kikapashwa moto, nyumba ikanukia.

Kijana alifika akasimama kizingitini. Mkononi alikuwa na kapu kubwa, tupu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kapu la nini?"

"Mama kasema unataka nafasi. Nimekuja kukutolea vilivyo vyangu."

Baba alikitazama kile kiti. "Umekula?"

"Nimekula nilikotoka. Sikutaka kuwasumbua."

Ilibaki kusema "kaa" tu. Badala yake baba alikiinua kidole chake. "Nyundo imeniumiza."

"Pole, baba." Kijana alisogea hatua moja ndani, akakiangalia kidole kile kilichovimba, akangoja.

"Ahsante," alisema baba.

Kijana aligeuka kwa mama yake. "Vimeshapashwa? Mimi kule sina hata friji. Nipe kopo moja la jioni, mengine mle nyie."

Mama alimpa moja, akalifunga kwa kitambaa. Mikono yake ilichelewa kuliachia. Kisha zikasikika hatua zikiishia barabarani, na kapu likigonga geti.

Walikaa wawili mbele ya chakula cha watu wengi. Baba akainamisha kichwa.

"Bwana, uwabariki waliopo..."

Mkewe alisubiri, macho amefumba. Mchuzi ulikuwa umeanza kupoa.

"...na wasiokuwepo," alisema, akavuta sahani.

Akala firigisi ya kwanza, akachukua ya pili, ya tatu.

"Basi, mume wangu. Acha nyingine."

"Niiache iende wapi?" alisema, akaendelea kutafuna.